Vichwa vya Treni Vilivyochelewa na Haki ya Kujua Hatua

Jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Tanzania, ambayo watu wameizoea kwa jina la SGR, liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017. Kipande cha kwanza, cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kilipangwa kukamilika Novemba 2019. Abiria wa kwanza waliokata tiketi walisafiri tarehe 14 Juni 2024. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo iliyozidi, tuta lilikuwa limeinuliwa, mataruma yamelazwa na nguzo za umeme zimesimama, lakini hapakuwa na kitu cha kupita juu ya reli. Vichwa vya treni vilikuwa havijafika. Tarehe za kuanza safari zilitangazwa zikapita, zikatangazwa nyingine nazo zikapita. Watu walikasirika, na wengi wenye mamlaka waliichukua hasira hiyo kama kukosa subira. Mimi naiona kwa namna nyingine. Waliokasirika walikuwa wamepewa tarehe bila kuambiwa hatua za kuifikia, na tarehe ya namna hiyo haimwezeshi mtu kupanga maisha yake. Nayaandika haya nikiwafikiria zaidi watu wa Mute na vijiji vingine vya wilaya ya Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wao hawana reli wala hawaitarajii, lakini wameishi na tarehe za namna hiyohiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Kichwa cha treni ya umeme hakichukuliwi dukani. Kila reli ina vipimo vyake, na SGR ya Tanzania ina upana wa milimita 1,435, umeme wa kilovolti 25 na kasi ya abiria ya hadi kilomita 160 kwa saa. Mtengenezaji hupewa vipimo hivyo, akachora, akaagiza mota na transfoma, akaunda, akajaribu kiwandani, ndipo akapakia melini. Kichwa kikifika bandarini hushushwa kwa kreni na kuwekwa relini, kikapimwa pamoja na mifumo ya umeme na ya ishara, kisha kikakimbizwa bila abiria huku madereva wakifunzwa. Hatua hizi hazirukiki. Sasa itazame kalenda. Mkataba kati ya Shirika la Reli Tanzania, TRC, na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini ulitiwa saini katikati ya 2021. Ulikuwa wa vichwa 17 vya umeme pamoja na seti 10 za treni zisizohitaji kichwa cha kuzikokota, zile ambazo wananchi walikuja kuzibatiza jina la mchongoko. Kichwa cha kwanza kilishushwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2023. Hiyo ni takriban miaka miwili na nusu, muda usio wa ajabu kwa kazi ya aina hiyo. Kwa hiyo, tangu siku ile ya saini, yeyote aliyezijua hatua angeweza kueleza kwamba vichwa hivyo havitaonekana kesho wala mwaka unaofuata. Tena, reli iliyopaswa kukamilika 2019 ilikuwa ikisubiri treni zilizoagizwa 2021. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa imekwisha kuandikwa katika kalenda ya manunuzi, mahali ambapo mwananchi hakuonyeshwa.

Kuna wanaojibu kwamba lawama hii haizingatii hali ya dunia. Wanakumbusha kwamba korona ilifunga viwanda na bandari kuanzia 2020, meli zikaadimika, vipuri vya elektroniki vikapungua duniani kote. Hayo ni kweli, na mtu mwadilifu lazima ayaweke kwenye mizani. Lakini korona inaeleza kwa nini kazi iliyokwisha kuagizwa inaweza kuchukua miezi zaidi. Haielezi kwa nini reli iliyokuwa ifunguliwe Novemba 2019, kabla ugonjwa haujafika Afrika Mashariki, haikuwa na mkataba wa vichwa vipya siku hiyo ilipowadia. Wapo pia wanaosema kwamba haina maana kununua treni mapema zikaja kuota kutu zikisubiri reli. Hoja hiyo ina uzito, ila inathibitisha ninalolisema: kama uamuzi ulikuwa kuchelewesha manunuzi kwa makusudi ili treni zifike reli ikiwa tayari, uamuzi huo ungetangazwa pamoja na tarehe yake. Mtu anayeambiwa kwamba treni itaanza baada ya miaka miwili kwa sababu vichwa vimeagizwa leo huondoka akiwa na kitu cha kufanyia kazi. Anayeambiwa mwezi ujao, kisha mwezi mwingine, huondoka mikono mitupu ingawa amepewa tarehe.

Gharama ya kuondoka mikono mitupu si ya moyoni tu. Mkopo una riba, na riba haingoji treni. Mwezi Februari 2020 Tanzania ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya kazi ya Dar es Salaam hadi Makutupora. Fedha ya namna hiyo ikilala kwenye tuta lisilopitiwa, mlipa kodi analipia kitu asichokitumia. Mbali na hazina ya serikali kuna hesabu nyingine ndogondogo ambazo haziingii katika taarifa yoyote: mwenye nyumba ya wageni aliyeongeza vyumba karibu na stesheni, mfanyabiashara wa mboga wa Morogoro aliyekuwa akipima kama anunue gari au asubiri reli, kijana aliyejiandaa kwa kazi ambayo tangazo lake halikutoka. Kila mmoja wao aliweka dau juu ya tarehe iliyotoka kwenye kinywa chenye mamlaka. Tarehe ilipopita, aliyeitoa alitoa nyingine bila kulipa chochote. Aliyeiamini ndiye aliyelipa. Hapo ndipo penye dhuluma ya jambo hili, na ndiyo maana sikubali kuita hasira ile kukosa subira.

Uthibitisho wa upande wa pili upo katika mradi huohuo. Katika salamu zake za mwaka mpya, usiku wa tarehe 31 Desemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zianze kabla ya mwisho wa Julai 2024. Safari ya Dodoma ilianza tarehe 25 Julai, na tarehe 1 Agosti Rais mwenyewe akauzindua mradi rasmi. Tarehe hii ilishikika wakati nyingi zilizotangulia ziliteleza. Agizo la Rais lilisaidia, bila shaka, lakini maagizo hayakukosekana miaka ya nyuma. Kilichobadilika ni kwamba alipotoa tarehe yake, vichwa vilikuwa vimeanza kushuka bandarini na mabehewa ya abiria yapo. Hatua zilizobaki zilikuwa chache na zilihesabika. Tarehe iliyosimama juu ya hatua zilizokamilika ilitimia. Kanuni hiyohiyo imeonekana upande wa mizigo: mabehewa 1,430 yaliagizwa China, kundi la kwanza la 264 likafika Dar es Salaam mwishoni mwa 2024, na treni za mizigo zikaanza katikati ya 2025. Mfanyabiashara aliyefuatilia meli na mabehewa alikuwa na habari bora kuliko aliyefuatilia hotuba.

Mtu anaweza kunielekeza Kenya, ambako reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mapema kuliko ilivyopangwa, na vichwa vyake vya dizeli vilikuwa vimewasili kutoka China miezi kadhaa kabla. Huko mjenzi, mleta treni na mkopeshaji walitoka nchi moja, kazi ikafungwa kama kifurushi kimoja, na hakukuwa na reli iliyongojea treni. Ni kweli, na kwa upande wa ratiba Kenya ilifanya vizuri. Lakini Wakenya hawakumaliza manung'uniko yao siku ya uzinduzi. Mikataba ya mkopo ilibaki kufichwa mpaka Novemba 2022, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alipoweka hadharani sehemu ya kurasa zake. Kwa miaka mitano treni ilikimbia kwa wakati huku wananchi wakibishana kuhusu deni ambalo hawakuruhusiwa kulisoma. Mfano huu unanionyesha kwamba kasi peke yake haiwezi kuwa kipimo. Anayewahi lakini anaficha masharti, na anayechelewa lakini anaficha hatua, wote wawili wanamnyima mwananchi kitu kimoja: uwezo wa kukagua ahadi kabla haijawa bili.

Dawa ya maradhi haya imekwisha kujaribiwa mahali ambapo wengi hawatatarajia kuitafuta. Uingereza kuna biashara kubwa ya treni za mfano, zile ndogo za mezani zinazoundwa kwa ufundi wa hali ya juu na kununuliwa na watu wazima wanaozipenda kwa dhati. Nyingi huundwa China, katika viwanda ambavyo kila kampuni hupanga foleni. Kwa miaka mingi makampuni yalikuwa yakitangaza vichwa vipya kwenye katalogi ya mwanzo wa mwaka, wateja wakaweka oda, kisha wakangoja miaka miwili, mitatu au zaidi. Malalamiko yalikuwa makubwa, na hatari yake haikuwa ya kufikirika: kampuni ya DJModels, iliyokuwa imechangisha fedha za wateja kwa baadhi ya miradi yake, ilifungwa mwaka 2019, na waliolipa mapema wakabaki kuhangaikia fedha zao. Kilichofuata kina somo. Kuanzia 2021 kampuni ya Bachmann iliacha tangazo kubwa la mwaka, ikawa inatangaza kila robo mwaka bidhaa ambazo zimekaribia kabisa kufika madukani. Wengine walichagua kutangaza mapema lakini wakaweka wazi kila hatua: mchoro umekamilika, kalibu imekatwa, sampuli imepakwa rangi, shehena iko baharini. Njia hizi mbili zinatofautiana, lakini zote zinamheshimu mteja. Ama nisikutajie tarehe mpaka kitu kiwepo, ama nikutajie pamoja na hatua zote. Kama kitu cha kuchezea mezani kinaweza kuuzwa kwa uadilifu huo, reli na mtambo wa gesi vinastahili zaidi.

Ndipo tunapofika Mute. Kijiji hiki kiko upande wa kusini wa mji wa Palma, katika ukanda ambao tangu 2010 umekuwa ukiambiwa habari za gesi ya bonde la Ruvuma. Mwezi Juni 2019 kampuni ya Anadarko ilitangaza uamuzi wa kujenga mtambo wa gesi iliyosindikwa huko Afungi, wilayani Palma, mradi wa dola bilioni 20, na shehena ya kwanza ikatajwa kuwa 2024. Miezi michache baadaye mradi ukawa mikononi mwa Total. Vita vya waasi vilivyokuwa vimeanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vikasogea kaskazini. Desemba 2020 mapigano yalifika Mute kwenyewe, Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba hali iliyo nje ya uwezo wake inaizuia kutimiza mikataba. Tangazo hilo liliondolewa Novemba 2025, na mwaka unaotajwa sasa kwa shehena ya kwanza ni 2029. Mradi jirani wa ExxonMobil, ambao uamuzi wake wa mwisho ulitarajiwa mwaka 2020, ulimaliza mwaka 2025 uamuzi huo ukiwa bado haujafanywa. Siwezi kulinganisha vita na uzembe wa manunuzi. Aliyeua na kuchoma vijiji ana dhima yake mwenyewe. Lakini athari ya tarehe inayoteleza juu ya maisha ya kijiji ni ileile, na Mute ni kali zaidi kuliko Morogoro, kwa sababu mkulima na mvuvi hawana mahali pa kuegemea wakati wanangoja.

Fikiria maamuzi ambayo mtu wa huko analazimika kuyafanya. Mhogo huvunwa baada ya msimu, lakini mkorosho unahitaji miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Anayeamini kwamba ardhi itachukuliwa au itabadilishwa karibuni hatapanda mikorosho. Atapanda cha msimu mmoja. Katika uhamisho wa watu wanaopisha mradi huwekwa siku ya kufunga hesabu ya mali, na kinachopandwa baada ya siku hiyo hakifidiwi. Ikiwa baada ya kufunga hesabu mradi utasimama kwa miaka mingi, familia inapoteza miaka ya mavuno ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Waliohamishiwa kijiji kipya cha Quitunda walipata nyumba za matofali, lakini wapo waliotoka karibu na bahari wakajikuta mbali nayo, na kwa mvuvi umbali huo ni chakula cha kila siku. Watu hawa wanastahili kujua ni hatua ipi inawagusa na lini. Mwaka wa shehena ya kwanza ni habari ya wanunuzi wa gesi wa Asia na Ulaya. Habari ya Mute ni nyingine: orodha ya fidia imefika wapi, mashamba ya kubadilishana yamepimwa au hayajapimwa, ajira za ujenzi zinaanza na ufundi gani, na zitaisha lini baada ya ujenzi kwisha.

Kwamba mwaka wa shehena ya kwanza hautoshi, meli ya kusindika gesi ya Coral Sul inatosha kutuonyesha. Uamuzi wa kuijenga ulifanywa 2017, ikaundwa Korea Kusini, nchi ileile iliyounda vichwa vya TRC, ikawasili katika maji ya mkoa huohuo wa Palma, Cabo Delgado, Januari 2022 na kutoa shehena yake ya kwanza Novemba mwaka huo. Kwa kipimo cha ratiba, ni mafanikio makubwa. Lakini iliwahi kwa sababu iliundwa mbali na inafanya kazi mbali, katikati ya bahari, nje ya macho ya pwani. Gesi imesafirishwa kutoka Msumbiji tangu 2022, na aliyekuwa akingoja kazi Palma hakupata badiliko lolote la maisha kutokana na tarehe hiyo kutimia. Anayeulizwa "lini" anaweza kujibu ukweli mtupu na bado akamwacha muulizaji gizani, kwa kuwa swali lililokuwa na faida kwake lilikuwa kuhusu hatua.

Nasikia pingamizi tatu, na zote zinastahili jibu. La kwanza ni la usalama: kutangaza hatua za mradi katika eneo lenye waasi ni kuwapa adui ramani. Nakubali kwamba saa ya msafara, njia ya lori na idadi ya walinzi ni siri halali. Lakini hali ya fidia, idadi ya mashamba yaliyopimwa na mpangilio wa ajira haviwezi kumsaidia mshambuliaji. Kuvificha kunamsaidia zaidi, maana kijana asiyejua kama jina lake limo katika orodha ni rahisi kushawishiwa kwamba halimo. La pili linasema kwamba watu wa vijijini hawataelewa ratiba yenye hatua nyingi, wape mwaka mmoja wakumbuke. Wasemao hivyo hawaujui mwambao huu. Mtu wa pwani akiagiza dau kwa fundi haendi kuuliza tarehe tu. Anakwenda kutazama kama mkuku umelazwa, kama mbavu zimesimama, kama kalafati imeanza, na kwa kutazama huko anajua atatweka lini vizuri kuliko fundi angemwambia kwa maneno. Elimu ya hatua wanayo tangu enzi za mababu. Wanachokosa ni kufunguliwa mlango wa karakana.

Pingamizi la tatu ndilo linalosemwa kwa upole zaidi na ndilo linaloumiza zaidi: subira yavuta heri, na kawia ufike. Nazithamini hekima hizi, lakini zimekuwa zikielekezwa kwa mtu asiyehusika. Kawia ufike huambiwa msafiri, yule anayeshika usukani, ili asiharakishe akaangamiza waliomo. Kwa maana hiyo nawaunga mkono TRC walipozijaribu treni bila abiria kabla ya kuuza tiketi ya kwanza. Kukawia kwa ajili ya majaribio ni kukawia kwa halali, na hakuna aliyepaswa kuwashinikiza. Subira nayo hudaiwa kwa mtu anayejua anachosubiri. Waliolelewa kwa methali hizo walilelewa pia kwa ile isemayo ahadi ni deni, na deni lina mwenye kulidai. Haiwezekani kumtaka mwananchi awe na subira ya anayekopesha huku akinyimwa haki ya anayekopesha, yaani kuulizia deni limefika wapi.

Kwa hiyo napendekeza masharti matatu, kwa mashirika ya umma ya Tanzania na Msumbiji na kwa makampuni yanayofanya kazi chini yao. Kwanza, isitangazwe tarehe ya kuanza huduma yoyote kabla mkataba wa kitu cha mwisho kinachohitajika kuianza haujatiwa saini. Reli isipewe tarehe kabla ya vichwa vyake kuagizwa. Pili, kila tarehe itangazwe pamoja na hatua iliyokamilika na hatua zilizobaki, kwa lugha ya wanaoisubiri. Mjini Dodoma lugha hiyo ni Kiswahili. Mute na Palma ni Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, pamoja na Kireno cha ofisini, na mahali pake ni barazani kwa sauti, penye nafasi ya kuuliza, si ubaoni tu. Tatu, tarehe ikiahirishwa, mwenye kuahirisha aeleze ni hatua ipi imekwama na nani anabeba gharama. Na pale ambapo hesabu ya mali ya watu ilikwisha kufungwa, muda ulioongezeka uhesabiwe katika fidia. Sharti hili la tatu ndilo litakalopingwa zaidi kwa sababu ndilo lenye fedha ndani yake, na kwa sababu hiyohiyo ndilo litakalowafundisha wenye kutangaza tarehe kuzipima kabla ya kuzitamka.

Hakuna sharti hapo linalodai miradi iende kwa kasi kuliko uwezo wa mafundi, wala linalopuuza vita, magonjwa au bahari. Yote yanadai kwamba hasara ya kuchelewa isiendelee kuwaangukia wale tu waliokuwa waaminifu kiasi cha kuamini. Mwaka 2029 umekwisha kutajwa Afungi. Kabla ya watu wa Mute kuombwa tena kuusubiri, waonyeshwe hatua zake moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya mwaka huu.